Mama mkwe anataka nisafishwe damu: je, mabaki ya kondo bado yamo mwilini mwangu?

Shikamoo Mama Mkunga,

Nakuandikia usiku, mtoto amelala kifuani. Nina miaka 24, naishi Tanga na mume wangu, nyumba moja na mama yake. Miezi minne iliyopita nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike, kwa operesheni, mimba ikiwa na wiki 32. Alizaliwa na kilo 1.3. Alhamdulillahi yu hai, na juzi mizani ya kliniki ilisoma kilo 4.5.

Mimba ilikwenda vizuri hadi mwezi wa saba. Nikaanza kuvimba miguu, watu wakacheka, wakasema huyo ni wa kiume. Kisha mikono, pete ikakataa kutoka. Kisha uso. Kichwa kikaniuma siku mbili, nikameza dawa za maumivu wala hakikusikia. Usiku wa tatu nikaona vimulimuli machoni, nikashikwa na maumivu makali chembe cha moyo, nikatapika. Mume wangu akaita bajaji. Hospitali wakanipima presha ikawa 178 kwa 116, na mkojo ukaonyesha protini alama tatu. Wakanichoma sindano iliyoniunguza mwili mzima kama nimeingia tanurini, wakanipasua asubuhi.

Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza daktari nini kilichonipata. Wagonjwa walikuwa wamejaa mlangoni. Akaniambia, “Mabaki ya kondo yaliingia kwenye damu yako, yakaharibu mishipa,” akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hayo tu. Nilifika nyumbani nikamweleza mama mkwe neno kwa neno, na tangu siku hiyo sijalala kwa amani. Anasema damu yangu ina uchafu, hospitali hawakunisafisha. Ameagiza mizizi kutoka kwa mzee mmoja huko shamba, ninywe siku saba ili ivute mabaki yatoke. Nimekuwa nikisingizia mshono haujakauka, lakini umekauka, naye anajua. Anasema pia nisimfikirie mtoto wa pili kabla sijasafishwa. Mume wangu anakaa kimya.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mama yangu mzazi alifariki akimzaa mdogo wangu. Nilikuwa na miaka sita. Waliokuwepo walisema alipandwa na jini, likamtupa chini, akatoka povu mdomoni. Mtoto naye hakupona. Sasa majirani wananong'ona kwamba mkosi wa kwetu nimeuleta kwa watu.

Nina maswali, mama. Mabaki hayo bado yamo mwilini? Yanaingia kwenye maziwa? Nilikosea wapi? Nilikula sana ng'onda, na nilibeba ndoo za maji hadi mwezi wa sita. Na nikishika mimba tena, nitakufa kama mama?

Vidonge vya presha nilipewa vya wiki mbili. Vilikwisha, sikurudi tena.

Mama wa njiti, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla ya lolote nakuomba: dawa hiyo usiinywe. Usiinywe leo, wala wiki ijayo, wala kwa siku moja badala ya saba ili kumridhisha mtu. Figo zako zimetoka kuumia miezi minne tu iliyopita. Ile protini kwenye mkojo ilikuwa ni kilio chao. Mizizi usiyoijua kipimo wala nguvu yake itapita kwenye figo hizo hizo, na mingine hupita kwenye maziwa ikamfikia mtoto aliyezaliwa na kilo moja na kidogo. Na yote hayo kwa kitu ambacho hakipo. Damu yako haina uchafu wa kuvutwa.

Neno “mabaki” ndilo lililowaponza nyote. Daktari hakukudanganya, ila alikupa nusu ya habari, na nusu ya habari mikononi mwa watu wenye hofu hugeuka kuwa kitu kingine kabisa. Sisi wakunga tukisema “mabaki ya kondo” mara nyingi tuna maana ya kipande cha kondo la nyuma kilichosalia ndani ya mji wa mimba baada ya mama kuzaa. Hicho kweli huondolewa, hospitalini, kwa sababu huleta kutokwa na damu na homa. Mama mkwe wako amelisikia neno hilo maisha yake yote kwa maana hiyo. Hana kosa kulielewa hivyo. Lakini daktari alikuwa anazungumzia vitu vingine: vipande vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hubanduka kwenye kondo wakati mimba ingali tumboni na kuingia kwenye damu ya mama. Wewe ulikwisha kuachana navyo siku ile ile ya operesheni, kondo lilipotolewa. Wataalamu waliofuatilia vinasaba vya mtoto ndani ya damu ya mama waliona hutoweka ndani ya saa chache baada ya kuzaa, siku moja au mbili zikizidi. Wewe una miezi minne. Hayamo mwilini, wala kwenye maziwa hayamo. Mnyonyeshe mwanao bila shaka yoyote moyoni.

Sasa nikupe ile nusu ya pili ya habari, maana ni haki yako, na ukiielewa utaweza kumweleza mtu mwingine.

Wewe ni mtu wa Tanga, umeiona mikoko maji yakijaa: mizizi imesimama ndani ya maji, maji yanaingia na kutoka katikati yake. Kondo liko hivyo. Lina vijitawi vingi mno vya upande wa mtoto, vilivyosimama ndani ya damu ya mama inayoingia na kutoka. Damu ya mtoto imo ndani ya vijitawi, damu ya mama iko nje yake, na kati yao kuna ngozi nyembamba ambayo chakula na hewa hupitia. Ngozi hiyo ni ya ajabu: seli zake zimeyeyukiana zikawa utando mmoja usio na mipaka. Ukiitandika yote mimba inapotimia, ingefikia takriban mita za mraba 12, sawa na sakafu ya chumba cha mita 3 kwa 4.

Na kama ngozi yoyote, huchakaa ikajivua. Sehemu zilizozeeka hujikusanya katika vifundo, vifundo vikadondoka kwenye damu ya mama. Jambo hili humpata kila mjamzito duniani, kila siku ya mimba yake. Lilinipata mimi kwa mimba zangu. Lilimpata mama mkwe wako alipokuwa na mimba ya mumeo. Vifundo hivyo hupanda na damu hadi upande wa kulia wa moyo, na moyo huvisukuma mapafuni. Mapafu hapo hufanya kazi ya kifumbu cha tui: vile vikubwa hunaswa kwenye vimishipa vyembamba vya mapafu, vile vidogo sana hupenya na kuzunguka mwili mzima.

Aliyeliona hili mapema ni Mjerumani mmoja, Georg Schmorl, huko Leipzig. Mwaka 1893 aliandika juu ya wanawake 17 waliokufa kwa kifafa cha mimba. Aliwachunguza mapafu, akakuta humo seli kubwa ajabu zenye viini vingi, akatambua kwamba ni za kondo. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mwanangu, mtu alikwisha kuona kwa darubini kitu ambacho leo majirani zako wanakiita mkosi.

Na kuna upande wa pili wa habari hii ambao napenda sana kuusimulia. Mwaka 1997, Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vinasaba vya mtoto vinapatikana kwenye damu ya mama mjamzito. Sehemu kubwa ya vinasaba hivyo hutoka kwenye hiyo hiyo ngozi ya kondo inayojivua. Leo katika nchi nyingi mjamzito hutolewa damu kidogo mkononi ili vinasaba hivyo visomwe, ijulikane kama mtoto ana hitilafu fulani, bila kumchoma sindano tumboni. Kile ambacho kwenu kinaitwa uchafu, kwingine kinatafutwa kwa mashine za bei kubwa.

Utaniuliza basi: kama kila mjamzito anavyo, kwa nini vilinidhuru mimi?

Jibu liko katika jinsi seli hizo zinavyokufa. Seli ya kondo inayokufa kwa utaratibu ni kama maiti iliyooshwa ikakafiniwa. Hujikunja, hujifungia kila kilichomo ndani yake, haivuji kitu. Ikifika kwenye mshipa wa damu, seli zilizotandaa ndani ya mshipa huipokea na kuimeza kimyakimya, kama majirani wanavyozika jioni na kurudi makwao. Watafiti wa Auckland, New Zealand, waliliona hili kwenye vyombo vya maabara. Tena waliona kwamba seli za mshipa zilizokwisha kumeza maiti za namna hiyo zilikuwa ngumu zaidi kuchokozwa na mambo mengine baadaye. Yaani mazishi hayo ya kila siku huenda yanamzoesha mama kuishi na mtoto ambaye nusu yake ni ya mtu mwingine.

Lakini seli ikifa vibaya, kwa kunyimwa hewa na kupigwa, hupasuka bila sanda. Yaliyokuwa ndani humwagika. Seli za mshipa zikimeza mzoga huo, hushtuka. Watafiti wale wale walionyesha kwamba zikimeza seli zilizokufa kwa kupasuka, uso wake hugeuka na kuwa wa kunata, chembe nyeupe za damu zikaanza kuugandia kana kwamba kuna kidonda au maambukizi. Na si ubaya wa vifo tu, idadi nayo huongezeka. Huko Oxford, kundi la Redman na Sargent lilipima mwaka 1998 likakuta vipande vya ngozi ya kondo ni vingi zaidi katika damu ya wanawake wenye priklampsia kuliko katika damu ya wajawazito wengine. (Priklampsia ndiyo hiyo iliyokupata, mtaani twaiita presha ya mimba. Ikifikia degedege, hapo ndipo kifafa cha mimba chenyewe.)

Kinachofanya kondo life vibaya huanza mapema sana, wakati mama mwenyewe bado anahesabu siku kama kweli amekosa hedhi. Mishipa inayoleta damu kwenye mji wa mimba ni myembamba, na imejipinda kama kizibuo. Seli za kondo zina kazi ya kuiingia, kuilainisha kuta na kuipanua, ili kufikia katikati ya mimba iwe mipana na damu imiminike polepole. Kwa baadhi ya wanawake, hasa wale ambao ugonjwa huwaanza kabla ya wiki 34 kama wewe, upanuzi huo haukamiliki. Mshipa unabaki mwembamba, damu inaingia kwa kasi na kwa kukatikakatika kama maji ya bomba lililobanwa kwa kidole. Vile vijitawi vya mikoko vinapigwa na kunyimwa hewa kwa zamu. Ngozi inaumia. Inabanduka kwa wingi, na inabanduka vibaya.

Zaidi ya vipande vyenyewe, kondo lililobanwa humwaga pia protini iitwayo sFlt-1. Protini hii hunyakua vichocheo ambavyo mishipa ya mama huvihitaji kila siku ili iwe na afya. Na vipande vingine vya ngozi ya kondo huibeba mgongoni vikizunguka nayo mwilini. Kwa hiyo mishipa yako ilipigwa mara mbili: ililetewa mizoga isiyo na sanda, na papo hapo ikanyimwa chakula chake.

Hapa ndipo barua yako inaponishika, kwa sababu kila ulichokiandika kinaeleweka ukiufuata ule utando wa ndani wa mshipa. Utando mzima hutoa gesi kidogo iitwayo naitriki oksaidi, ambayo huilegeza mishipa. Wako ulipoumia, gesi ikapungua na vitu vya kubana vikazidi: presha ikapanda hadi 178 kwa 116. Utando ukaanza kuvuja, maji ya damu yakatoka nje ya mishipa: miguu, kisha mikono, pete ikakwama, kisha uso. Vichujio vya figo vimetengenezwa kwa utando huo huo. Vilipovimba, protini ikapita ikatoka na mkojo. Kwenye ubongo, kichwa kisichosikia dawa na vimulimuli. Kwenye ini, yale maumivu ya chembe cha moyo na kutapika, ambayo nimeona mara nyingi mno yakiitwa vidonda vya tumbo na mama akapewa dawa ya gesi akarudishwa nyumbani. Ulikuwa ugonjwa mmoja wa mishipa, ukapiga hodi kila mahali.

Sindano iliyokuunguza ilikuwa magneziamu salfeti. Kila mama aliyechomwa huniambia habari za moto huo. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, na sindano hiyo ilipunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Moto ule ndio uliokuvusha usiku. Na operesheni haikuwa haraka ya madaktari, maana hakuna dawa ya kulitibu kondo likiwa ndani; ugonjwa huanza kurudi nyuma pale tu linapotoka.

Ng'onda haikuhusika. Shirika la Afya Duniani halishauri hata kuwapunguzia wajawazito chumvi kwa lengo la kuzuia ugonjwa huu. Ndoo za maji hazikuhusika. Kilichokwenda kombo kilikwenda kombo kwenye mishipa ya upana wa uzi, katika majuma ambayo tumbo lako lilikuwa halijaonekana. Hukuwa na namna ya kukijua wala kukizuia kwa mikono yako. Kosa moja lilikuwepo nalo si lako peke yako: uvimbe wa uso na mikono, pamoja na kichwa cha siku mbili, ulichukuliwa na wote kuwa ni mambo ya mtoto wa kiume. Jinsia ya mtoto haivimbishi uso.

Kuhusu mama yako.

Siwezi kumpima marehemu, na sitajifanya najua nisichokiona. Lakini mwanamke mwenye mimba kubwa aliyeanguka, akakakamaa, akatoka povu, akafa yeye na mtoto wake: kwa mkunga yeyote picha hiyo ina jina, nalo ni kifafa cha mimba. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu bado huua wanawake wapatao 46,000 kila mwaka. Mabibi zetu waliona degedege, hawakuona presha, kwa sababu hawakuwa na kipimo; wakataja kile walichokuwa na jina lake. Mimi naamini mama yako hakupandwa na kitu. Aliumwa, na hakuna aliyemfikishia sindano ile iliyokufikia wewe. Na ujue jambo moja linalothibitisha kwamba asili ya ugonjwa ni kondo: ipo mimba iitwayo mimba zabibu, ambayo kondo hukua ovyo bila mtoto yeyote ndani, nayo pia huweza kuleta priklampsia, tena mapema. Hakuna mtoto, hakuna jini, kondo tu.

Kama kweli ndicho kilichomchukua mama, basi habari hiyo ni ya kumwambia daktari, si ya kuficha. Binti wa mwanamke aliyepata ugonjwa huu huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuupata, na mimba ya kwanza nayo huongeza. Huo ndio “mkosi wa kwenu”: urithi, kama kisukari kinavyokaa kwenye koo fulani. Ungeandikwa kwenye kadi yako tangu siku ya kwanza ya kliniki, ungetazamwa kwa jicho jingine. Una dada? Mwambie naye.

Sasa kinachonitia wasiwasi kuliko mizizi ya mzee wa shamba ni mstari wako wa mwisho. Vidonge vilikwisha, hukurudi. Mwanangu, vipande vya kondo vimeondoka lakini utando ulioumia huchukua muda kupona. Presha ya waliopata ugonjwa huu mara nyingi hupanda tena siku ya tatu hadi ya sita baada ya kuzaa, na degedege huweza kumpata mama aliyekwisha kuzaa na kurudi nyumbani. Hilo limekupita salama. Lakini kwa wengi presha hutakiwa iwe imetulia kabisa wiki 12 baada ya kuzaa, na kama wewe kwa wiki 17 hivi bado ipo juu, basi ni presha ya kudumu inayohitaji matibabu. Nenda wiki hii. Hata zahanati ya karibu wana mashine. Omba wapime na mkojo. Wakikupa dawa, sema unanyonyesha. Zipo ambazo hazimdhuru mtoto. Wape karatasi yako ya kuruhusiwa, na uipige picha ibaki kwenye simu, maana karatasi huloa na kupotea.

Na hata ukikuta presha ni nzuri, ipime kila mwaka maisha yako yote. Wanawake waliopitia priklampsia wana takriban mara mbili ya hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi baadaye ukiwalinganisha na wenzao. Sikuambii hili kukutisha. Nakuambia kwa sababu wanawake wengi huambiwa “imekwisha” siku ya kuruhusiwa, kisha wanaanguka na kiharusi wakiwa na miaka 45 na hakuna anayeikumbuka mimba ile.

Je, utakufa ukishika mimba tena? Sina uwezo wa kumhakikishia mtu uhai, lakini naweza kukupa hesabu. Kwa mama aliyezalishwa kati ya wiki 28 na 34 kwa ugonjwa huu, miongozo ya Uingereza hukadiria kwamba hadi mmoja kati ya watatu huupata tena. Wawili hawaupati. Na wanaoupata tena mara nyingi huanza baadaye zaidi na kwa upole zaidi, na safari hii watu wanaujua mlango utakaopitia.

Usiharakishe. Shirika la Afya Duniani hushauri miezi 24 angalau kati ya kuzaa na kushika mimba nyingine; zungumza na nesi wa uzazi wa mpango, umweleze historia ya presha, kwa sababu baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango havimfai mwenye presha ya juu, ila kipandikizi au kitanzi huweza kukufaa. Siku utakapokosa hedhi, usingoje tumbo lionekane ndipo uende kliniki, kama tulivyozoea. Nenda kabla ya wiki ya 12. Sema hivi: “Mimba iliyopita nilipata priklampsia kali nikazalishwa wiki ya 32.” Daktari atakufikiria kwa aspirini ya kiwango kidogo, inayoanzwa karibu na wiki ya 12. Shirika la Afya Duniani hutaja miligramu 75 kwa siku. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017 ulitumia miligramu 150 kila usiku, ukapunguza priklampsia ya kabla ya wiki 37 kwa asilimia 62. Usijinunulie dukani, kipimo na wakati aamue yeye. Ipo pia madini ya kalsiamu. Hili lilipimwa hapa kwetu, Dar es Salaam, kwa wanawake 11,000, sambamba na wengine 11,000 huko India, na matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kuwa miligramu 500 kwa siku hazikuwa duni kuliko 1,500 katika kuzuia priklampsia. Kidonge kimoja badala ya vitatu. Kwa mwanamke anayetapika asubuhi si jambo dogo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao nao wana kalsiamu, wala usiwaogope.

Kama mnaweza, changeni mnunue mashine ya presha ya mkononi. Ikifika 140 kwa 90, kliniki siku hiyo hiyo. Ikifika 160 kwa 110, au ukipata kichwa kisichosikia dawa, vimulimuli, maumivu chembe cha moyo au ubavu wa kulia, uso kuvimba ghafla, mtoto kupunguza kucheza, usingoje asubuhi.

Nina maneno kwa mama mkwe wako. Msomee, au mpe asome mwenyewe. Dada yangu, nakujua japo hatujaonana. Umemuuguza mkamwana wako, umembeba mjukuu wa kilo moja kifuani, na umeagiza dawa kwa sababu hutaki kuzika mtu. Nia yako ni njema na neno “mabaki” lingemtisha yeyote. Lakini uchafu unaouogopa haupo. Kinachoweza kumwondoa binti huyu ni presha isiyopimwa. Mchukueni pamoja mwende kliniki, ukae naye chumbani, uulize maswali yote uliyo nayo, na uwaambie wakuonyeshe namba. Na zile fedha za mizizi ziwe nauli.

Na mumeo naye. Aliyeita bajaji usiku ule aliokoa watu wawili, na sidhani kama kuna aliyemwambia hivyo. Mwambie wewe. Kisha mwambie kwamba kukaa kwake kimya sasa kunakuacha peke yako mbele ya mama yake, na kwamba unamhitaji aseme sentensi moja tu: “Mama, hii dawa hatainywa, kesho tunakwenda kupima.”

Ukishapima niandikie tena. Andika namba zote mbili, ya juu na ya chini, na uniambie mtoto amefika kilo ngapi.